Eedo Kaltun na Mabati Yaliyofunuliwa Kwenye Mvua

Na Shuaib Abdullahi, Idara ya Usafirishaji

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Kaltun Abdiwali Kulow anakabidhi funguo za stoo ya mabati na mabomba ya zinki katika ghala letu la vyuma hapa Garissa. Amezishika kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Katika muda huo amewamaliza mameneja saba, makufuli yasiyopungua kumi na mawili, na uvumilivu wa kila dereva anayevuka daraja la Tana.

Kwenye karatasi za ofisi cheo chake ni Mtunza Stoo Mkuu. Huku yadi hakuna anayekijua cheo hicho. Sisi tunamwita Eedo, yaani shangazi, na hata Mutinda anayeendesha foklifti, ambaye kwao ni Mwingi na hana shangazi Msomali, humwita hivyo hivyo. Ukimwita Bi. Kaltun anageuka kutazama ni mgeni gani ameingia.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja lisije likanikwama kooni. Meneja aliponiomba niandike wasifu huu nilimkwepa siku nne. Ndani ya faili la Eedo kuna barua ya onyo, moja tu, na ilitokana na ripoti niliyoiandika mimi Novemba 2023. Makosa yalikuwa yangu, si yake. Tangu wakati huo nimekula canjera, zile chapati zetu za maji, nyumbani kwake Idi nne, nimekunywa chai yake sijui vikombe vingapi, na hadi naombwa kuandika haya sikuwa nimemwomba msamaha. Sasa anaondoka, nami nilikuwa na hadi Ijumaa kulisafisha jina lake. Nitafika huko. Kwanza kazi yenyewe.

Eedo hakuingia ghalani kwa mlango wa ofisi. Mwaka 1994 alikuwa akiuza maziwa ya ngamia langoni, na mteja wake mkubwa alikuwa meneja wa wakati huo, marehemu Mzee Barre. Asubuhi moja Mzee Barre hakuwa na hamu ya maziwa. Shehena ya mabati mapya kutoka Mombasa ilikuwa imefunguliwa, na kila bati lilikuwa na unga mweupe, madoa madoa, kama ngozi isiyopakwa mafuta. Wateja walishaupa ugonjwa ule jina: mba. Mabati yana mba! Nani atakubali kumwezekea mke mpya nyumba kwa mabati yenye mba?

Mafundi walisema kiwanda kimetudanganya, kiwanda kikasema bahari ndiyo mbaya, na wenye malori wakasema wao hawajui kitu. Eedo, mtungi wa maziwa ukiwa bado begani, aliinua kona ya bati la juu, akapitisha kidole chini yake, kidole kikatoka na maji. Akamwambia Mzee Barre asigombane na kiwanda wala bahari. Ni watu tu wamefunika chombo kibichi.

Aliyelelewa na wafugaji ameshaelewa. Kibuyu cha maziwa kikishaoshwa hakifunikwi kikiwa na maji. Kinainamishwa mdomo wazi, maji yatoke, hewa iingie, kikauke, ndipo kifukizwe moshi. Ukikifunika kibichi, kesho kinanuka na maziwa yote ni ya kumwaga. Yale mabati yalikuwa yamelazwa bapa, moja juu ya jingine, yamebanwa na kufungwa nailoni, na maji ya safari yamekosa pa kutokea. Zinki ni koti la kukilinda chuma, na koti hilo linataka hewa ili likauke na kukomaa. Likifungiwa na maji, linaliwa lenyewe na kugeuka unga. Wenye elimu ya vyuma wameliandikia vitabu jambo hili. Eedo alilitoa kwa mama yake.

Mzee Barre hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Wiki iliyofuata alimpa funguo, na biashara ya maziwa Eedo akamwachia dada yake. Mafundi walicheka weee! Mwanamke wa maziwa asimamie chuma! Walicheka hadi shehena iliyofuata ilipokaa stoo miezi mitatu iking'aa kama siku ilipofika. Hapo mmoja wao alikuja kimyakimya kumwomba aende akamtazamie mabati aliyoyaweka nyumbani.

Mwaka 1997 alijiunga na masomo ya gumbaru, na baada ya miezi sita alijiona ameiva. Akachukua rangi nyekundu akaandika kwenye ukuta wa stoo, kwa herufi ndefu kama mkono: BATI LIBUMUE. Alikusudia bati lipumue. Alivyosema ndivyo alivyoandika, na sisi Wasomali tunajua kwamba herufi ya p na sisi hatujazoeana. Mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne nikiiita Pasaka Basaka. Mwalimu wake alikuja na brashi kutaka kusahihisha, Mzee Barre akamzuia langoni. Alisema mabati yameshaelewa.

Tangu hapo neno hilo ni letu. Mzigo ukifika tunaulizana, umebumua? Mkaguzi mmoja kutoka Nairobi alikaa nasi siku mbili, akasifu sana, akaandika kwenye taarifa yake kwamba ghala la Garissa linafuata utaratibu wa kisasa uitwao kubumua. Hatukumsahihisha.

Utaratibu wenyewe, kwa wageni wa sherehe ambao hawajawahi kufukuzwa stoo na Eedo, hauna siri. Bati halilali chini. Linalazwa juu ya mbao kavu, upande mmoja umeinuka kidogo kuliko mwingine, na kati ya fungu na fungu kuna vijiti vya kupitisha hewa. Mbao mbichi hazitakiwi kwa sababu huleta maji yao wenyewe. Saruji, mbolea na chumvi ya mifugo hukaa stoo nyingine kabisa, na ole wako uegemeze gunia la chumvi ya ngamia kwenye bomba la zinki. Bomba haliburutwi, linainuliwa. Halifungwi kwa mnyororo, linafungwa kwa mikanda ya nailoni, maana mnyororo hukwangua zinki, na palipokwanguliwa ndipo kutu nyekundu hupata mlango. Na hakuna anayekanyaga mabati na viatu. Kanuni hii ya mwisho nayo ameiandika ukutani, TOA FIATU, na viatu tunavitoa.

Lakini kilicholifikisha jina lake hadi Mandera ni pua. Malori ya kwetu hupeleka mbuzi Nairobi na kurudi na bidhaa, na mkojo wa mbuzi uliozama kwenye mbao za lori huila zinki kuliko mvua ya mwezi mzima. Kwa hiyo hakuna lori linalopakia mabati ya Ijara, Bura wala Hulugho kabla Eedo hajaingiza kichwa ndani na kunusa. Waryaa, yaani wewe bwana, humuuliza dereva, umebakia mbuzi hapa ama umebakia nini? Wenye utani humjibu kwamba wamebaki peke yao, mbuzi wameshaondoka. Huwachapa kwa kanga na kuwarudisha wakaoshe.

Mwaka 2011 dereva wetu Abdihafid alikuwa na haraka ya Ijara. Akafagia lori juujuu, kisha akatafuta uunsi, ule ubani wanaofukiza kina mama nyumbani, akalifukiza lori lote toka mbele hadi nyuma. Gari likaingia yadi likinukia kama chumba cha maharusi. Eedo akalizunguka mara moja, akasimama, akauliza kwa upole mno bibi harusi yuko wapi. Kisha akamtaka Abdihafid awatoe mbuzi waliojificha nyuma ya bibi harusi. Lori lilioshwa mara mbili na kukaa juani kwa saa tatu, na hadi leo madereva wa Wajir wanamwita Abdihafid Aroos, yaani harusi.

Sasa nimefika nisipopenda kufika. Novemba 2023 mnaikumbuka wote. Mvua ya vuli ilikuja kwa hasira, barabara zikakatika, watu wakavuka Madogo kwa boti. Siku chache kabla barabara ya Nairobi haijakatika, tulikuwa tumepokea mabati mia nne na kumi ya bweni la wasichana huko Ijara. Upepo ulikuwa umeling'oa paa la zamani, wasichana themanini walikuwa wakilala madarasani, na kamati ya shule iliwaahidi wazazi kwamba Januari bweni litakuwa na paa. Kina baba kadhaa walishasema wazi kwamba bila bweni binti zao hawarudi. Mabati yale yakiharibika hakukuwa na mengine ya kuletwa.

Mvua ilitukuta tunapakia malori mawili. Eedo hakuwepo, binti yake Filsan alikuwa amejifungua, na Eedo alikuwa naye hospitalini. Mimi nilikuwa na miezi mitano tu kama msimamizi wa usafirishaji na kichwa changu hakikuwa kikipita mlangoni. Niliona mabati yamelowa, nikaamuru yafunikwe haraka. Nailoni kwanza, turubai juu, kamba zikavutwa mpaka zikalia. Nilijisifu, Mungu anisamehe. Malori yakaondoka na kwenda kuzama Bura, matope hadi kwenye ekseli, na hakuna aliyejua yatatoka lini.

Eedo aliporudi alitazama kitabu cha upakiaji akaniuliza swali moja, kama mabati yalikuwa makavu nilipoyafunika. Nikamjibu kwamba yamefunikwa vizuri sana. Akauliza tena, kwa sauti ile ile. Nikakasirika. Akaniambia bati hunyeshewa maisha yake yote juu ya nyumba na halijafa, kinachoyaua mabati ni yale maji niliyoyafungia ndani, kwa hiyo niwapigie madereva wayafunue, mvua au si mvua. Nikamwambia mali ya mteja haitanyeshewa chini ya mkono wangu. Niliwapigia madereva kweli, lakini kuwaambia kwamba atakayegusa kamba ajitafutie kazi nyingine. Nayaandika haya kwa sababu Abdihafid atakuwepo kwenye sherehe, na akiyasimulia yeye yatakuwa mabaya zaidi.

Eedo hakubishana. Akiwa na miaka hamsini na minane, alifunga gauni lake vizuri, akapanda trekta iliyokuwa ikipeleka unga Bura, na kufika siku ya pili adhuhuri, matope hadi kwenye nyusi. Lori la kwanza lilikuwa la Abdihafid na la pili la Guled. Guled aliniogopa mimi, akakataa katakata turubai lake lisiguswe. Abdihafid aliniogopa mimi pia, ila Eedo alimwogopa zaidi. Akakata kamba.

Mvua ilikuwa ikimwagika. Wanaume wa Bura walikusanyika kumtazama mama wa makamo anayefunua mzigo badala ya kuufunika. Mzee mmoja aliuliza kwa heshima kama huyu mama ni mzima. Eedo akamwambia ashike upande wa pili. Wakashusha bati baada ya bati, wakayalaza juu ya magogo makavu yaliyotolewa ndani ya lori, yakiinama upande mmoja, na vijiti katikati. Mtu mmoja alipiga picha. Jioni ile ile picha ilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp na kwenye simu ya mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye alinipigia akifoka hadi nikaisogeza simu mbali na sikio.

Nikaketi nikaandika ripoti. Ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mzuri, hakuna hata mstari mmoja uliosema kwamba mabati yalikuwa yamelowa nilipoyafunika. Meneja wa wakati huo alikuwa amekwama Nairobi na hakuwa na kingine cha kusoma ila maneno yangu. Onyo likatoka: Bi. Kaltun Abdiwali alifungua mzigo wa mteja kwenye mvua, bila ruhusa.

Malori yalitoka Bura baada ya siku tisa, mabati ya Abdihafid yameshakauka na kupakiwa tena, na Eedo akiwa nayo. Nilikwenda Ijara mwenyewe kuyapokea, nikitaka kuonyesha uso wa kazi. Mabati ya Abdihafid yalishuka yakiwa makavu na yaking'aa. Kisha tukafungua turubai la Guled, nami ndiye niliyekuwa mbele. Wallahi! Mba tupu, mengine unga umekaa kama umemwagwa kwa kikombe. Guled alinitazama. Mwenyekiti alinitazama. Eedo peke yake hakunitazama. Aliomba brashi za nailoni na maji safi.

Siku tatu alisugua pamoja na mama za wanafunzi, akimfukuza kila fundi aliyekuja na brashi ya waya, kwa sababu waya huondoa unga na zinki pamoja. Yaliyoshikwa kidogo yakapona, yakapanguswa, yakainamishwa juani. Sitini na moja hayakupona. Eedo akakaa chini na fundi mkuu, wakapima upya, wakaamua baraza ya mbele isubiri mwaka mwingine. Shule ilipofunguliwa Januari, bweni lilikuwa na paa, na wasichana waliorudi walikuwa themanini na watatu, maana watatu wapya walikuja waliposikia kuna pa kulala.

Baada ya hapo meneja yule alihamishwa. Hakuna aliyekumbuka kuifuta barua, na mimi niliyekumbuka nilijifanya nimesahau. Eedo hakuwahi kuitaja. Aliendelea kunusa malori, akanifundisha kupakia upya tangu mwanzo, na Leyla, ambaye atazipokea funguo Ijumaa, akamfundisha vizuri kuliko alivyonifundisha mimi. Stoo ndogo za Bura na Hulugho sasa huinamisha mabati yao kwa mtindo wake. Mwaka jana na mwaka huu hakuna bati hata moja lililorudishwa na mteja kwa sababu ya mba.

Mwezi huu, ili nisikosee tarehe, niliomba faili lake. Ni jembamba kwa kweli. Kuna barua ya kuajiriwa iliyoandikwa na Mzee Barre, fomu za likizo, nakala ya cheti cha gumbaru, na lile onyo likiwa limebanwa pamoja na ripoti yangu. Nilipindua kurasa mara mbili nikidhani zimegandana. Hakukuwa na kingine. Nikaingia kwa meneja wetu wa sasa na kumweleza yote bila kujificha, naye hakuchukua hata dakika tano. Aliandika barua ya kulifuta onyo, akaisaini, akaipiga muhuri, akanipa niipeleke mwenyewe.

Jumanne baada ya swala ya alasiri nilikwenda nyumbani kwa Eedo, mtaa wa Bulla Iftin. Filsan alinikaribisha sebuleni. Ukutani kulikuwa na Ayatul Kursi katika fremu nzuri, na kando yake fremu nyingine, ya rangi ya dhahabu, kioo kimepanguswa hakina hata fumbi, kama anavyosema mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na barua ya onyo. Ile ile. Imeandikwa kwa Kiingereza, na Eedo hasomi Kiingereza. Nilijua moja kwa moja kwamba aliidhania barua ya shukrani, na kwamba kwa miaka miwili wageni wake wameisoma na kuinamisha macho.

Nilianza kumweleza nikigugumia, nikimnyooshea barua mpya. Eedo akaniacha nihangaike kidogo, kisha akacheka hadi akajishika ubavu. Kumbe Filsan alimsomea onyo lile neno kwa neno siku lilipofika. Anajua kila kilichomo, na fremu aliichagua mwenyewe sokoni. Nikamuuliza, basi mbona ukutani? Akaacha kucheka. Akasema katika miaka yote hiyo ile ndiyo karatasi pekee ya kampuni, yenye muhuri na saini, inayosema kwamba yeye alikuwa Bura na akaufungua ule mzigo kwenye mvua. Kama kuna nyingine, nimwonyeshe.

Sikuwa nayo. Nilimwomba msamaha pale pale, na machozi yalinitoka, sioni haya kulisema. Alinisamehe kabla sijamaliza sentensi, akaagiza chai nyingine. Barua ya kulifuta onyo aliipokea kwa mikono miwili, akanirudishia, akasema ikae kwenye faili. Ile ya ukutani haiondoki.

Eedo, ghala zima linakushukuru: kwa bweni la Ijara, kwa kila paa lisilo na mba kutoka hapa hadi Hulugho, na kwa kutufundisha sisi wenye vyeti. Mungu akupe afya, wajukuu wenye kelele, na usingizi usiokatizwa na honi ya lori. Pumzika vyema, umestahili kila siku yake. Wasifu huu tumeuchapa kwenye karatasi nzito, una muhuri wa kampuni, saini ya meneja na za madereva kumi na tisa, na unasema kwa Kiswahili kwamba ulikuwa Bura na ulikuwa sawa. Ni karatasi ya pili. Fremu tumeshainunua, na nilipokuwa sebuleni kwako niliona pale ukutani bado kuna nafasi.